Mtu wenu amezidi kunywa: hospitali, soba hausi, shehe au kikao cha ukoo?

Familia nyingi za Unguja na Pemba, zikiwa na mtu aliyeshindwa na pombe, huchagua pa kumpeleka kwa kuuliza kwanza: nani atatuona? Ndiyo maana anayetetemeka alfajiri hufungiwa chumba cha uani, anayehitaji ushauri tu hupelekwa kukaa miezi soba hausi (nyumba ya upataji nafuu), na mke anayepigwa huambiwa asubiri wazee wakutane. Aibu ni jambo la kweli kwetu, na kusitiriana kumo katika dini. Lakini aibu haiwezi kukuambia nani anaweza kufa akiacha pombe ghafla na nani hawezi. Hilo linaonekana mwilini, na ndipo ulinganisho huu unapoanzia. Njia zote zinazotajwa hapa zina mahali pake. Kinachoumiza watu ni kuzitumia kinyume: ya pili ikatangulia ya kwanza.

Pimeni kabla ya kuchagua

Shirika la Afya Duniani lina dodoso la maswali 10 liitwalo AUDIT, ambalo muuguzi hulimaliza kwa dakika chache. Alama zake ni 0 hadi 40. Kuanzia 8 ni unywaji wenye hatari, na kuanzia 20 ni dalili kubwa kwamba mtu ameshakuwa mtegemezi wa pombe. Anayejibu ni mnywaji mwenyewe, na wengi hupunguza. Kwa hiyo nyinyi wa nyumbani andikeni mnachokiona kwa wiki moja bila ya kumhoji: saa anazoanza kunywa, saa anazorudi, anakunywa nini, anakula au hali.

Kiasi kihesabiwe kwa kipimo kimoja, gramu 10 za alkoholi. Bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina karibu gramu 20, yaani vipimo 2. Chupa ndogo ya mililita 250 ya pombe kali ya asilimia 35 ina karibu gramu 70, vipimo 7. Watu humwona wa bia ndiye mlevi kwa sababu chupa zake zinaonekana, kumbe wa chupa ndogo ya mfukoni amempita mbali. Tembo la mnazi na gongo (pombe kali ya kienyeji) havihesabiki hivyo. Tembo huendelea kuchachuka tangu linapogemwa, kwa hiyo la asubuhi na la jioni si kitu kimoja, na gongo hutegemea mpishi wake. Kwa hivyo andikeni ujazo tu, na saa.

Kisha jibuni maswali haya manne. "Ndiyo" moja tu inatosha: hospitali iwe ya mwanzo, na mengine yafuate.

- Anakunywa asubuhi ili mikono itulie?
- Alishawahi kuanguka kifafa, kuchanganyikiwa au kuona vitu visivyokuwepo alipokosa pombe?
- Ana maradhi mazito mengine, ni mjamzito, umri umekwenda, au amedhoofu kwa kutokula?
- Anachanganya pombe na unga (heroini), methadoni (dawa ya watumiaji wa heroini) au vidonge vya usingizi?

Kuachia nyumbani au kuachishwa hospitali

Kuachia nyumbani kunamfaa anayelewa siku za mshahara au mwisho wa wiki, ambaye hukaa siku tatu au nne bila pombe na mwili wake ukabaki salama. Huyo hahitaji kitanda cha hospitali. Anahitaji ushauri, na nyumba isiyompa nafasi ya kunywa. Kumlaza ni kupoteza kitanda, na pia ni kumtia woga wa bure ambao baadaye utamfanya akimbie huduma.

Kwa aliyezoea kila siku, mambo ni mengine kabisa. Pombe hutuliza ubongo, nao ubongo hujibu kwa kuongeza nguvu zake mwaka baada ya mwaka ili ubaki macho. Pombe ikiondoka ghafla, zile nguvu zinabaki kama gari lililokatika breki mteremkoni. Masaa 6 hadi 12 tangu kinywaji cha mwisho huanza kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, kichefuchefu na kukosa usingizi. Kifafa huja zaidi kati ya masaa 12 na 48. Kati ya masaa 48 na 96 ndipo baadhi yao huweweseka: homa, kuona wadudu au watu ukutani, kutojua alipo, kupigana na asiyekuwepo. Hali hii ya mwisho isipotibiwa huua.

Angalieni masaa hayo yanavyowadanganya watu. Siku ya kwanza familia inaona mtetemeko na kusema ni arosto tu, yaani mateso ya kukosa kilevi, itapita. Siku ya pili pengine amelala kidogo, wote wanapumua. Siku ya tatu usiku anaanza kuzungumza na watu wasiokuwepo, na nyumba nzima inaamini kwamba kapandisha jini. Anapelekwa kwa mganga, anafukizwa, anashikwa na vijana wanne, bila maji wala dawa, katika masaa yale yale ambayo angepaswa kuwa kitandani hospitali. Mtu aliyeacha pombe chini ya siku tano zilizopita akianza kuona vitu, ni dharura ya hospitali. Kumsomea kunaweza kufanyika pembeni ya kitanda chake cha wodi.

Hospitalini hupewa dawa ya kutuliza ubongo, kwa kawaida diazepamu, kwa kiwango kinachopunguzwa pole pole ndani ya siku 3 hadi 7, pamoja na maji na vitamini B1, yaani thiamini. Hiyo B1 isipuuzwe. Wanywaji wa muda mrefu huwa wameishiwa nayo, na sukari nyingi ikiingia mwilini kabla yake inaweza kuharibu ubongo: macho kucheza, kupepesuka, kisha kupoteza kumbukumbu moja kwa moja. Mkifika kituo cha afya na mtu wenu akawekewa dripu ya sukari, mwambieni mhudumu waziwazi kwamba huyu ni mnywaji wa kila siku, na muulize kuhusu B1 kabla ya dripu au pamoja nayo. Si ukosefu wa adabu. Mara nyingi mhudumu hajui kwa sababu familia imeficha na kusema "ana malaria".

Kuna njia ya katikati: kuachishwa nyumbani chini ya muuguzi. Inafaa ikiwa majibu ya maswali manne ya juu yote ni "hapana", ikiwa kuna mtu mzima asiyekunywa atakayekaa naye usiku na mchana, ikiwa muuguzi atamwona kila siku, na ikiwa dawa zinawekwa na familia na kutolewa kwa dozi za siku moja. Diazepamu ya kununua dukani bila daktari iacheni. Akiinywa kisha akateremshia pombe, pumzi zinaweza kukatika usingizini. Na kama mnakaa Tumbatu, Kojani, Fundo au Makoongwe, msichague njia hii hata kama masharti mengine yametimia. Kifafa cha saa nane usiku hakisubiri mashua.

Ikiwa hospitali mtakwenda kesho, asilazimishwe kuacha leo usiku. Kwa jamii yetu ni neno gumu kulisikia, na hatulisemi kwa kudharau uharamu wa pombe. Ni kwamba kukata ghafla bila dawa ndiko kunakoleta kifafa. Mwenye shaka amwendee shehe mwenye elimu na amweleze kwanza alichosema daktari, ndipo aulize hukumu.

Hatari hiyo huwa kubwa Ramadhani inapoingia. Mtu anakunywa kwa wingi siku za vunjajungu, kisha anaacha siku ya kwanza ya mfungo kwa nia safi kabisa. Siku ya pili au ya tatu ya mfungo anaanguka, hali wala hanywi maji, na familia inadhani ni njaa. Mwenye nia ya kuacha kwa ajili ya Ramadhani aanze wiki mbili au tatu kabla, kwa mpango wa muuguzi. Akiwa bado mgonjwa mwezi ukiingia, Qur'ani imempa mgonjwa ruhusa ya kulipa siku nyingine.

Akianguka kifafa, mlazeni ubavu, ondoeni vitu vya kumgonga, msimtie kijiko wala kidole mdomoni, na apelekwe hospitali hata kama ameamka vizuri. Dalili nyingine zisizosubiri ni kutapika damu, macho kuwa manjano, homa na kuchanganyikiwa. Aliyekunywa gongo akasema haoni vizuri au anaona ukungu naye aende saa hiyo hiyo: huenda kanywa sumu ya methanoli, na kila saa inayopita inapunguza nafasi ya kuokoa macho na uhai.

Hospitali gani, na kwa wa Pemba je?

Unguja huduma ya magonjwa ya akili na uraibu ipo hospitali ya Kidongo Chekundu, na kwa mtu mwenye homa, kifafa au kutapika damu pa kukimbilia ni Mnazi Mmoja au hospitali ya wilaya iliyo karibu. Tofauti si ya sifa. Mwili ulio hatarini unahitaji wodi ya kawaida kwanza, na Kidongo Chekundu inamfaa akishatulia, au ikiwa tatizo ni kushindwa kuacha. Jina la mahali hapo linatisha watu kwa sababu ya kejeli za mitaani. Mkiona hilo ndilo linalomzuia, anzeni na daktari wa hospitali ya wilaya amwandikie rufaa, maana karatasi ya daktari humpa mgonjwa sababu ya kwenda ambayo haimvunjii heshima. Lakini kwa aibu hiyo msikubali kumpeleka kwa mtu asiyesomea kazi hii.

Hapo hapo Kidongo Chekundu ndipo ilipofunguliwa kliniki ya methadoni mwaka 2015. Hiyo ni ya watumiaji wa heroini. Methadoni haitibu pombe, na kuichanganya na pombe ni hatari kwa pumzi. Familia nyingi husikia "dawa ya kuacha" na kudhani ni moja kwa wote.

Wa Pemba waanzie Chake Chake, Wete au hospitali ya Abdalla Mzee Mkoani, waulize muuguzi wa afya ya akili. Kosa la kawaida ni kumpakia mtu kwenye boti kwenda Unguja siku ile ile aliyoacha, ili majirani wasijue. Hesabuni masaa: akinywa mara ya mwisho usiku, asubuhi yake baharini anatetemeka, na dirisha la kifafa linafunguka huku mko katikati ya mkondo. Atulizwe Pemba kwanza siku hizo 3 hadi 7, kisha asafiri na barua ya rufaa na dawa zake mkononi mwa anayemsindikiza.

Nendeni na karatasi yenye mambo haya: saa ya kinywaji cha mwisho, kiasi cha siku kwa wastani, amekunywa mfululizo tangu lini, kama aliwahi kuanguka, dawa anazotumia za hospitali na za kienyeji. Mwanafamilia mmoja tu ndiye azungumze. Wakizungumza watatu, daktari hupata hadithi tatu, na mgonjwa huona kesi yake inaendeshwa mbele yake. Kwa mtumishi aliyesajiliwa katika Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulizeni mapema kipi kinagharamiwa.

Soba hausi au kliniki ya kwenda na kurudi

Nyumba za upataji nafuu, ambazo wengi tunaziita soba hausi, zilianza hapa kwa ajili ya vijana wa unga, na zimeokoa wengi. Nguvu yake ni tatu: zinamtoa mtu kwenye kijiwe chake, zina wasimamizi waliopita njia hiyo hiyo, na zina ratiba isiyobadilika kuanzia kuamka hadi kulala, na katika nyingi sala ni sehemu ya ratiba hiyo. Serikali nayo ina kituo cha tiba na marekebisho ya tabia Kidimni, Wilaya ya Kati, kilichokusudiwa waraibu wa dawa za kulevya. Ulizeni kama kinampokea mwenye tatizo la pombe peke yake.

Udhaifu wa soba hausi kwa mlevi wa pombe uko mwanzoni kabisa. Arosto ya heroini ni mateso makubwa, lakini kwa mtu mwenye afya mara chache huua. Ya pombe inaweza kuua. Nyumba iliyozoea kumwacha mgeni apite arosto kavu, kwa kumwagia maji na kumpa moyo, inaweza kufanya vivyo hivyo kwa mlevi wa kila siku bila kujua tofauti hiyo. Kwa hiyo mpangilio uwe hospitali kwanza, soba hausi baadaye, na aingie akiwa ameshamaliza dawa za kutuliza au ana maelekezo ya kuzimalizia.

Kabla ya kulipa, nendeni kuiona nyumba na muulize haya. Mnapokea wa pombe tu, na wangapi wapo sasa? Akianguka usiku mnampeleka wapi na kwa gari gani? Dawa za hospitali anaruhusiwa kuendelea nazo? Ada ya mwezi inajumuisha chakula, sabuni, matibabu, au kila kimoja kina bei yake? Familia inamwona lini? Akitaka kutoka kabla ya muda inakuwaje? Kuna adhabu gani kwa anayekosea? Wakisema pingu, minyororo au kipigo, ondokeni. Wakisema dawa zote marufuku hata za daktari, ondokeni pia. Na swali ambalo watu hulisahau: mtu akimaliza, mnamfuatilia kwa muda gani? Nyumba isiyokuwa na jibu hapo inawauzia miezi ya kutulia tu.

Kliniki ya kwenda na kurudi inaonekana nyepesi, na kwa sababu hiyo hudharauliwa. Lakini kwa mwenye kazi, mke na watoto, na ambaye mwili wake si mtegemezi sana, mara nyingi ndiyo bora: hapotezi ajira, na anajifunza kukataa pombe katika mtaa ule ule atakaoishi. Mtu aliyekaa miezi minne nyuma ya ukuta anarudi Ng'ambo au Nungwi na kukuta kibanda ni kile kile na marafiki ni wale wale. Mfanyakazi wa hoteli aliye baa au mapokezi ya vinywaji aombe kuhamishiwa usafi wa vyumba, bustani au jikoni kabla ya kurudi kazini. Bila ya hilo, kliniki na soba hausi zote mbili zitakuwa na kazi ngumu.

Mkutano wa kila wiki wa waraibu wanaopata nafuu, wa Narcotics Anonymous, ni bure, na unahesabu pombe kuwa ni kilevi kama vingine. Siku na mahali pa mikutano ulizeni soba hausi yoyote. Kwa wanawake njia hizi zote ni nyembamba, maana nyumba nyingi ni za wanaume. Mwanamke anayekunywa kwa siri huwa salama zaidi akianzia kwa muuguzi wa kike hospitali kuliko kungoja nafasi ya soba hausi.

Shehe, mganga, na dawa ya kutiwa kwenye chai

Hapa kuna vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya. Shehe au imamu mwenye busara anafanya kazi ambayo daktari haiwezi: anamrudisha mtu msikitini bila kumtangaza, anamwambia mlango wa toba haufungwi, anawatuliza wazazi. Mashehe wanaijua hadithi ya yule mtu aliyekuwa akiletwa mara kwa mara kwa kunywa, mmoja akamlaani, na Mtume akakataza asilaaniwe kwa sababu anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Mchagueni shehe anayeisema hadithi hiyo, na anayekubali kuongea na muuguzi. Kwa Wakristo, padri au mchungaji ana nafasi hiyo hiyo. Anayemtaja mtu mimbarani, hata bila jina, mwacheni.

Kusomewa na kunywa kombe (maji yaliyooshewa maandishi ya Qur'ani) havigombani na matibabu, mradi havichukui nafasi yake na mgonjwa hazuiwi kula, kunywa maji wala dawa. Mganga anayetoa dawa ya kutapisha ni jambo jingine: mlevi ameshakauka maji, na kutapishwa siku mbili humwongezea hatari ya moyo na kifafa.

Dawa ya siri ndiyo mbaya kuliko zote. Inauzwa kama unga au matone ya kutia kwenye chai ya mume "ataichukia pombe mwenyewe". Ipo dawa halisi ya hospitali, disulfiramu, inayomfanya mtu aumwe akinywa: uso kuwaka, kutapika, presha kushuka, na kwa mwenye moyo mbovu, kifo. Ndiyo maana hupewa mtu anayejua na kukubali, si chini ya masaa 12 tangu alipokunywa, baada ya kupimwa. Kumpa mtu kitu cha aina hiyo bila ya yeye kujua ni kumtegea sumu, hata kama moyo wa anayempa ni wa mapenzi. Akigundua, na hugundua, hatakunywa tena chai ya nyumba hiyo wala kuamini mpango wowote mtakaoleta. Dawa za wazi za kupunguza hamu, naltreksoni na akamprosati, zipo duniani, na daktari ndiye atakayesema kama zinapatikana na zinamfaa. Naltreksoni haipewi anayetumia heroini au methadoni.

Kikao cha ukoo au maneno machache ya asubuhi

Hili ndilo linalotugawa zaidi. Kikao kina uzito wake: ami, mjomba, shangazi, pengine na sheha (kiongozi wa serikali wa mtaa), wanakaa ukumbini, kila mmoja anatoa lake, na mwisho mtu anashikishwa Msahafu aape. Kinafaa kwa mambo ya ukoo: nani atatunza watoto wakati amelazwa, nani atalipa ada, nani atashika duka. Kwa kumfanya akubali matibabu ni dhaifu. Mtu mwenye utegemezi akiapa jioni, asubuhi mwili unamdai. Akivunja kiapo anajificha kwa sababu sasa amemkosea na Mungu kwa jina, na anayejificha hunywea porini au ufukweni ambako akianguka hakuna wa kumwona.

Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999 na William Miller, Robert Meyers na Scott Tonigan ulilinganisha jambo hili kwa familia 130 za walevi waliokataa matibabu. Familia zilizofundishwa kumkabili mtu kwa pamoja zilifanikiwa kumfikisha kwenye matibabu kwa asilimia 30. Zilizoelekezwa kwenye njia ya vikundi vya familia vya Al-Anon, ambavyo lengo lake ni kumtunza mwanafamilia mwenyewe, zilifikia asilimia 13. Zilizofundishwa njia ya tatu, iitwayo CRAFT, zilifikia asilimia 64, kwa masaa 12 tu ya mafunzo. Marekani si Micheweni, lakini hatua za CRAFT hazihitaji jengo wala mashine.

Ya kwanza ni kujua mwendo wake: siku gani, na nani, baada ya jambo gani. Ya pili ni kuupendeza wakati ambao hajanywa. Akirudi mkavu, chakula anachokipenda kiwe tayari, mazungumzo yawe mazuri, watoto wamkaribie. Akirudi amelewa, hakuna ugomvi na hakuna karamu. Mnamwacha alale salama, ubavu, na mnaondoka. Ya tatu, ngumu kwa mama wa Kizanzibari, ni kuacha kumfunikia. Msimpigie bosi kumwambia anaumwa, msilipe deni lake kwa muuza pombe, msimfulie matapishi kabla hajaamka. Si kwa ukali. Ni kwamba kila mnapolisafisha tatizo usiku, yeye asubuhi halioni. Mipaka ni miwili: msimwache hatarini, na watoto wasilale njaa.

Ya nne ni kuchagua dakika. Iwe asubuhi, hajanywa, hamna mgeni, msemaji ni mmoja ambaye anamheshimu. Maneno yawe machache na ya mambo mliyoyaona. Mke anaweza kusema: "Baba Asha, leo umeamka vizuri na watoto wamefurahi. Mimi naogopa ile mikono inavyotetemeka. Muuguzi yupo Jumatatu, twende wote, mimi nitakaa nje." Mama kwa mwanawe: "Mwanangu, sikusemi. Nataka upimwe tu." Kupimwa hukubalika kuliko "kutibiwa ulevi". Ya tano: miadi iwe imeshapangwa, nauli ipo, na mtu wa kumsindikiza anajulikana, maana "ndiyo" ya mlevi hudumu masaa, pengine hata siku haifiki. Akikataa, msibishane. Rudini baada ya wiki, au siku ile ambayo yeye mwenyewe amejutia jambo.

Njia hii haitumiki panapo kipigo. Mke au mtoto anayepigwa asisubiri awe mkavu wala asifundishwe kumpikia vizuri. Aende kituo cha Mkono kwa Mkono hospitalini, ambako daktari, ushauri na polisi hupatikana pamoja, au kwa afisa ustawi wa jamii kupitia sheha. Masuala ya matunzo na ndoa yana Mahakama ya Kadhi.

Akirudi nyumbani, na akirudia

Miezi mitatu ya mwanzo ndiyo yenye kuteleza zaidi. Mpeni kazi ya jioni, kwa sababu jioni ndiyo saa yake ya zamani. Pesa za mshahara zipangwe naye, kwa ridhaa yake, si kwa kunyang'anywa kadi. Harusi na safari za ufukweni ambako pombe itakuwepo asiende peke yake. Miadi ya kliniki iendelee hata anaposema amepona.

Akinywa tena, jambo la kwanza ni kujua amekunywa kwa siku ngapi. Usiku mmoja: alale, ale, anywe maji, na siku ya pili apelekwe kwa muuguzi wake, bila kikao. Siku nyingi mfululizo, hasa kama ameanza tena kunywa asubuhi: mwili umerudi ulikokuwa, na asikatishwe ghafla nyumbani. Rudini hospitali na karatasi ile ile, mkiongeza tarehe alizokaa mkavu na dawa zilizomsaidia, ili daktari aanzie pale mlipofika.